Sheria ya Maneno Matano

Nilirudi kutoka semina ya walimu Kibiti nikiwa na karatasi nne za manila, kalamu mbili za wino mzito, na kichwa ambacho pantoni ya mto Rufiji ilikivusha kwa taabu. Enzi hizo daraja lilikuwa bado. Ukitaka kufika upande wetu wa Chumbi ulingoja zamu yako ukingoni pamoja na malori, mbuzi na magunia ya mpunga, na mimi nilisimama katikati ya vyote hivyo nimeziinua manila zangu juu zisikunjwe, nikiwatazama abiria wenzangu kwa huruma kwa sababu wao hawakuwa wamehudhuria semina.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wangu wa pili wa kufundisha, na hapakuwa na jambo nisilolijua. Mkufunzi wa semina alikuwa ametueleza namna ya kuwafundisha watoto wadogo kufanya utafiti. Mtoto amsikilize mtu, aandike dondoo, kisha kwa dondoo zile aitunge habari kwa maneno yake mwenyewe. Jambo zuri, na mpaka leo naliamini. Taabu ni kwamba siku ya mwisho mchana, mkufunzi alipofika kwenye mambo ya kujihadhari nayo, mimi nilikuwa nimekwisha kushiba pilau la semina na nimesinzia nyuma ya mwenzangu mnene. Nilizinduka watu wanapiga makofi, nami nikapiga kwa nguvu kuliko wote.

Darasa langu lilikuwa la nne. Watoto wale walikuwa mabingwa wa kunakili. Chochote kilichokuwa ubaoni kiliingia daftarini, pamoja na idadi ya waliohudhuria na wasiohudhuria niliyoiandika pembeni kwa ajili ya mwalimu mkuu. Siku moja mtu alikuwa ameandika chini ya ubao kwamba ufagio umepotea, na nilipokusanya madaftari ya jiografia nikakuta karibu darasa zima limeandika kwamba Tanzania ina maziwa, mito, na ufagio umepotea.

Kwa hiyo zoezi la kwanza nililifanya rahisi. Niliwaambia, "Nitawasimulia jinsi ya kupika wali wa nazi. Msiandike kila neno. Andikeni yaliyo muhimu tu." Nikasimulia kwa madaha, kukuna nazi, kuchuja tui la kwanza na la pili, mpaka kupalia moto juu ya kifuniko. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye mwandiko mdogo kama wa mtu anayeogopa karatasi itaisha, aliandika kila nilichotamka, na katikati akaweka, "Hapa mwalimu alipiga chafya." Mvulana mmoja wa nyuma aliandika maneno mawili tu: "Mwalimu njaa." Nilimkaripia, ingawa ilikuwa kweli, na kwa haki yake ndiyo dondoo iliyokuwa bora kuliko zote siku ile.

Hapo ndipo nilipotunga Sheria ya Maneno Matano. Kila jambo liandikwe kwa maneno matano, yasizidi. Niliiandika kwenye manila kwa wino mwekundu nikaibandika ukutani, nikawa napita na rula nahesabu maneno kwenye madaftari. Aliyezidisha alifuta. Chini yake nikaongeza sheria ya pili: majina ya watu yaachwe, isipokuwa ya watu maarufu. Hii ya majina haikutoka semina. Niliitoa kichwani mwangu, nikiwa macho kabisa, na ndiyo iliyokuja kunitokea puani.

Sasa tulihitaji jambo la kutafiti. Kitabu chetu cha historia kiliipa Vita vya Maji Maji mistari michache: watu walikataa kulimishwa pamba na Mjerumani, wakachukua dawa ya maji, wakapigana, wakashindwa. Hakikusema kwamba vita hivyo vilianzia kwenye milima ya Umatumbi, ambayo kwetu si mbali, wala kwamba nusu ya watoto darasani walikuwa wajukuu na vitukuu wa watu walioikimbia milima ile. Nilipouliza nani anamjua mzee anayevijua vita hivyo, mikono yote ilipanda juu, na yote ilimtaja bibi mmoja aliyekaa nyuma ya mashamba ya mpunga ya shule.

Umri wake hakuna aliyeujua, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Alichojua ni kwamba vita vilipopita kwao alikuwa mgongoni mwa mama yake, na kwamba yote aliyokuwa nayo kichwani alipewa na mama huyo. Alikaa na mwanawe wa pekee, naye mzee tayari, mkulima wa mpunga mwenye maneno machache. Nilichagua watoto watano, yule msichana wa chafya na yule mvulana wa "Mwalimu njaa" wakiwamo, tukaenda siku ya Jumatano baada ya masomo.

Tulimkuta uani anasuka ukili. Watoto walimwamkia, naye akawapokea kwa utani wa bibi na wajukuu.

"Marahaba, waume zangu. Na nyie wake wenzangu, karibuni, ila msije mkanipita kwa uzuri." Kisha akanitazama mimi. "Na huyu mwalimu mbona kakonda hivi? Huko kwenu Mtunda hamli?"

"Tunakula, bibi. Shikamoo."

"Marahaba binti yangu. Kaa hapo, usinizibie mwanga."

Nilikaa. Watoto wakafungua madaftari, na bibi akasimulia bila kuacha kusuka. Baba yake alikwenda Ngarambe kwa mganga kuchukua maji, akarudi kifua mbele, na mama yake alipouliza kwani maji ya kisima chao yana kasoro gani, aliambiwa anyamaze. Watoto walicheka. Nami nilicheka, huku nikihesabu maneno kwenye daftari la jirani.

"Lakini siyo vita ilotumaliza, wanangu," alisema. "Njaa ndo ilotumaliza. Askari wamechoma maghala, wamechoma na mashamba. Tukaingia porini, tukachimba ndiga."

Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Hukatwa vipande, kikalowekwa siku kadhaa kwenye maji yanayopita mpaka sumu iishe, na mwenye njaa ya kweli hawezi kungoja siku kadhaa. Bibi akaanza kuwataja walioshindwa kungoja. Akawataja na wengine: aliyepigwa risasi, aliyerudi nyuma kufuata kinu, aliyelala asiamke. Alimtaja kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, pole pole, akirudia pale alipoona penseli ya mtoto imechelewa. Yalikuwa majina ya zamani ya milimani, ambayo siku hizi hapewi mtu. Walikuwa kumi na wanne, wote wa ukoo wake, na hakuna hata mmoja aliyezikwa.

Nilianza kuchoka kwenye la nne. Jua lilikuwa linashuka, na niliwaza manila zangu. Nilipochungulia daftari la yule msichana nikakuta majina yamejipanga kutoka juu mpaka chini, yote kumi na manne. Nilimnyang'anya penseli kwa upole wa kujionyesha, nikamnong'oneza, "Maneno mengi mno. Umesahau sheria?"

Bibi alimaliza, akaweka ukili chini kwa mara ya kwanza. "Mwalimu, mmeandika?"

"Tumeandika yote, bibi."

"Hata hao nilowataja?"

"Yote, bibi. Yatakaa shuleni."

"Basi," alisema, "nimepumzika."

Nilidhani amechoka kuzungumza.

Siku iliyofuata tulitengeneza nakala safi. Kwenye daftari la msichana nilipiga mstari mwekundu juu ya majina, na pembeni nikamwandikia namna ilivyotakiwa: "Watu wengi wa ukoo walikufa." Nilijivunia sentensi ile. Niliinakili mwenyewe kwenye manila kwa wino mzito. Kisha, kwa kuwa mkaguzi alitarajiwa na mimi sikupenda uchafu, niliamuru kurasa zote za rafu zichanwe, na Ijumaa tukazichoma jalalani pamoja na majani makavu. Msichana aliuliza kama anaweza kubaki na zake. Nilimwambia mtafiti halisi habaki na takataka.

Mkaguzi alikuja, akasimama mbele ya manila yangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kazi ni safi na fupi. Nilivimba wiki nzima. Nadhani hata kutembea nilibadilika, maana mwalimu mkuu aliniuliza kama mguu unaniuma.

Mvua za masika zikaja, mto ukafurika, ukatoka. Maji yalipokauka tulisikia bibi amepata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaondoka kabisa. Nilikwenda kumwona mara moja, nikapeleka sukari, nikarudi. Nilisikitika kama jirani yeyote anavyosikitika.

Siku chache kabla ya Shaabani mwanawe alikuja shuleni, kwa kanzu na kofia, saa ya hisabati. Nilitoka nje, nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nimefuata yale majina."

"Majina gani, mzee?"

Akanieleza, na kwa mtu wa maneno machache alieleza kwa kirefu. Kila Shaabani, kabla ya kufunga, ukoo wao hufanya hitima na kuwarehemu marehemu wao, wakitajwa mmoja mmoja. Wale kumi na wanne walikufa kabla Uislamu haujafika milimani, na zamani shehe mmoja aliona tabu kuwataja. Yakafanyika maafikiano. Shehe hutaja marehemu wengine, kisha mama yake huyaita majina yale mwenyewe kwa sauti ndogo juu ya chetezo cha ubani, na shehe humalizia, "Na wote aliowataja bibi." Majina hayo hayasemwi ovyo. Hukaa na mtu mmoja, naye akizeeka humpa mmoja. Kaburi hawana, pa kukumbukwa ni hapo tu, mara moja kwa mwaka.

"Alikuwa ameanza kunifundisha mimi," alisema. "Kila baada ya alasiri, jina moja moja. Tulifika la tano. Siku mlipokuja nyie akaacha. Akaniambia sasa yameandikwa, yako shuleni, na shule ni ya serikali, haifi. Basi naomba uniandikie, maana mama ndo hivyo tena."

Nilimwingiza darasani kwa sababu sikujua la kufanya, na yeye akaenda moja kwa moja kwenye manila ukutani. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama mtu aliyejifunza kusoma ukubwani. Watu. Wengi. Wa. Ukoo. Walikufa. Kisha akageuka.

"Na wenyewe wako wapi?"

Watoto zaidi ya arobaini walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema kweli. Badala yake nilisema, "Yako kwenye madaftari, mzee. Nitakuletea kesho."

Alishukuru. Hilo la kushukuru ndilo lililonichoma.

Alipoondoka nilimwita yule msichana. Alikuja akidhani amekosea tena. Nilimuuliza kama ile karatasi ya majina bado anayo. "Mwalimu ulisema tuchome," alijibu, bila ubaya wowote, kama anayenikumbusha tarehe. Niliona aibu ambayo sikuwa nimewahi kuiona, na niliionea mbele ya mtoto wa miaka kumi.

Niliwakalisha wote watano chini, nami nikachukua daftari. Waliyoyakumbuka yalinishangaza. Hawakukumbuka majina kwanza, walikumbuka watu: yule wa ndiga mbichi, yule wa risasi, yule aliyelala. Kutoka hapo jina lilijitokeza, au kipande chake. Yule wa "Mwalimu njaa" alikuwa na matatu kamili kwa sababu aliyaona yanachekesha. Msichana alikuwa na mengi zaidi, akayasema amefumba macho, akisogeza kidole hewani kana kwamba anayaandika upya. Na mimi, mtaalamu wa semina, niliyekaa pale pale juu ya mkeka ule ule, sikukumbuka hata moja. Nilikuwa nahesabu maneno.

Kesho yake sikupeleka majina. Nilijipeleka mwenyewe. Nilimweleza mzee yote, tangu sheria yangu mpaka moto wa jalalani. Alisikiliza ametazama chini. Nilingoja anitukane, na ningeona nafuu.

"Mama aliacha kunifundisha kwa sababu yako, mwalimu," alisema. Akanyanyuka, akanifungulia mlango wa chumba cha mama yake.

Kwa siku sita niliingia mle na watoto wangu. Bibi alikuwa amelala kwa ubavu, mdomo umekwenda upande, lakini macho ni yale yale na mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu. Mtoto alitaja jina. Likiwa sawa bibi alinibana kidole, na mimi nikaliandika zima, la mtu na la baba yake. Likiwa si sawa alinifinya. Siku ya kwanza nilifinywa mpaka ngozi ikavimba, na nadhani mengine hayakuwa makosa ya majina. Matano ya mwanawe yalithibitishwa, watoto wakaongeza sita. Tukafika kumi na moja. Hapo tukakwama. Yule aliyerudi kufuata kinu tulimjua kwa kinu chake tu. Wawili wengine hatukuwa hata na kinu.

Tulibahatisha mpaka tukaishiwa. Bibi alinitazama, akainua mkono ule wa kushoto, akakifungua kinywa chake na kusukuma sauti, na sauti iliyotoka haikuwa jina. Alijaribu tena. Yalikuwemo mle ndani, yote matatu, umbali wa shubiri moja kutoka kalamu yangu. Msichana alianza kulia, nami nikatoka nje nikalia nyuma ya choo kama mwanafunzi.

Hitima ilisomwa barazani na wanaume, sisi wanawake tukiwa ndani na bibi. Mwanawe ndiye aliyeshika chetezo. Tulimsikia kupitia ukuta akisoma kutoka kwenye daftari langu, kwa kidole bila shaka, kumi na mmoja. Kisha akanyamaza. Shehe aliuliza kwa sauti ya chini, "Wamekwisha?"

"Bado watatu."

"Nani?"

Sidhani alikusudia kuniumiza. Alikuwa mtu wa kusema jambo lilivyo.

"Wako kwa mwalimu," alisema.

Shehe akakohoa, akaendelea: "Na watatu walio kwa mwalimu." Nyumba nzima ikaitikia amina. Bibi hakuitikia, hakuwa na sauti. Alifariki mwaka huo huo, kabla ya mavuno.

Mimi nilihamishiwa Kibiti baadaye, nikafundisha mpaka kustaafu, na sikumnyang'anya tena mtoto penseli. Shaabani haijapita nisivuke mto kwenda hitima ile. Yule msichana sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, na ndiye aliyepewa kuyashika yale kumi na moja baada ya mwana wa bibi kufariki, ingawa si wa ukoo. Watatu waliobaki wanaombewa kila mwaka kwa jina walilopewa siku ile: watatu wa mwalimu. Vijana wa ukoo wamekua wakilisikia, wanalitamka bila kujiuliza.

Mwaka jana alikuja shehe mpya, kijana. Alipofika hapo alisita, akauliza barazani, "Huyu mwalimu naye alifia kwenye vita hivyo hivyo?"

"Hajafa," mtu alimjibu. "Yumo humo ndani, anakula."

Wanaume wakacheka. Wanawake walinigeukia wakacheka, nami nikacheka na tonge mkononi. Kisha shehe akasoma, na watatu wa mwalimu, na sote tukaitikia amina. Nilijaribu tena, kama ninavyojaribu kila mwaka, kukirudia kile kikao cha uani, ukili unasukwa, jua linashuka, na bibi anataja la kumi na mbili pole pole, akiwangoja watoto waandike. Namwona midomo ikicheza. Sisikii kitu.